Kuchagua maikrofoni ya kurekodia nyumbani: anza na chumba, malizia na sikio

Maiki ya kwanza niliyoinunua kwa fedha zangu ilikuwa kondensa, aina inayosikia hata sauti ndogo, ya kiwambo kikubwa (utando unaotikiswa na hewa), na kiumbe wa kwanza iliyemrekodi kwa ufasaha alikuwa jogoo wa jirani. Nilikuwa nimeichagua kwa kusikiliza sifa walizozitoa watu wenye studio zilizojengwa kwa kazi hiyo, kisha nikaipeleka katika chumba cha kulala chenye sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu na dirisha linalotazama njia ya bodaboda. Maiki haikuwa na kosa lolote, kwa maana ilisikia kila kitu kilichokuwapo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilichagua chombo kabla ya kukifahamu chumba, na ndiyo sababu hatua za mwongozo huu zinaanzia chumbani na kulichelewesha duka hadi karibu na mwisho.

Namfikiria msomaji anayetaka kurekodi sauti ya mtu mmoja, awe anasoma kitabu, anaimba, anatia kaswida au anafanya mahojiano, katika nyumba ya kawaida ya tofali na bati, akiwa na uwezo wa kununua maiki moja na si tano.

Natumia neno maikrofoni, au maiki kama wasemavyo mafundi, na nalikwepa kwa makusudi neno kipaza sauti. Neno hilo hutumika pia kwa spika inayofungwa juu ya gari la matangazo, na mkanganyiko huo umewafanya wengi waamini kwamba kazi ya maiki ni kuikuza sauti, na kwamba maiki bora ni ile yenye nguvu zaidi. Maiki haipazi kitu. Hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme mdogo sana, unaopimwa kwa sehemu za elfu za volti, na kazi ya kuukuza umeme huo hufanywa na kifaa kingine ambacho tutakifikia katika hatua ya tano.

Hatua ya kwanza: rekodi ukimya wa chumba chako

Kabla ya kutazama bei yoyote, chukua simu uliyo nayo, iweke mahali utakapokaa kurekodi, iache irekodi kwa dakika 2 bila mtu kusema neno, kisha uisikilize rekodi hiyo kwa hedifoni huku sauti ikiwa imepandishwa juu. Fanya hivyo kwa saa ileile ambayo kwa kweli utakuwa unafanya kazi, kwa sababu chumba cha saa 9 usiku si chumba cha saa 11 jioni. Andika kila unachokisikia. Kelele nyingine zina swichi, kama feni ya dari, friji iliyo upande wa pili wa ukuta na feni ya kompyuta. Nyingine zina ratiba inayojulikana, kama adhana, kengele ya shule au pampu ya maji ya jirani, na hizo hupangiwa muda. Zilizobaki, kama pikipiki, watoto uani na mvua juu ya bati, hazina swichi wala ratiba, na hizo ndizo zitakazokuwa na kauli katika uchaguzi wako.

Sasa piga kofi moja kali katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaofanana na waya unaotetema baada ya kofi, kuta zako zinarushiana sauti, na maiki yoyote utakayoiweka mbali na mdomo itakusikilizisha bafu. Dawa yake haiko katika trei za mayai, ambazo nimeziona zimebandikwa katika vyumba vingi vya kurekodia mitaani, kwa kuwa karatasi nyepesi kiasi hicho humeza sehemu ndogo tu ya sauti za juu na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Kanga iliyotundikwa ukutani haisaidii zaidi ya hapo. Kinachomeza sauti ni unene na uzito wa nyuzi: godoro lililosimamishwa, blanketi mbili zilizokunjwa pamoja, pazia zito lenye mikunjo mingi, au kabati la nguo lililojaa na kufunguliwa milango.

Jambo linalokosewa na wengi ni mahali pa kuyaweka. Maiki ya kawaida ya kuimbia husikia zaidi upande unaotazama mdomo wako, maana yake ni kwamba inatazama pia kila kilicho nyuma ya kichwa chako. Kwa hiyo blanketi la kwanza litundikwe nyuma ya msomaji, na la pili, kama lipo, nyuma ya maiki. Nimewahi kukaa katika studio ya nyumbani iliyokuwa imepangwa kinyume chake kwa gharama kubwa ya sponji, na godoro moja la futi 4 kwa 6 lililoegemezwa nyuma ya mwimbaji lilifanya kazi ambayo sponji hizo zote hazikuifanya.

Baada ya marekebisho hayo rudia rekodi ya ukimya na kofi, uihifadhi, kwa kuwa utaihitaji katika hatua ya tatu.

Hatua ya pili: pima umbali utakaoweza kukaa

Hatua hii haipatikani katika matangazo ya maiki, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua mengi. Sauti ikitoka mdomoni hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili, ilhali kelele ya chumba na mwangwi hubaki karibu palepale popote maiki ilipo. Mtu anayesoma akiwa vidole vinne kutoka kwenye maiki, kisha akarudi nyuma hadi shubiri moja, ameipunguza sauti yake kwa karibu desibeli 9 bila kuipunguza pikipiki iliyoko nje hata kidogo. Akiongeza geini, yaani kiasi cha kuikuza sauti, ili sauti irudi ilipokuwa, pikipiki nayo inapanda.

Kwa hiyo jiulize kwa uaminifu: je, unaweza kufanya kazi yako mdomo ukiwa vidole vinne tu kutoka kwenye chuma? Msimulizi na mtangazaji wanaweza. Mwimbaji wa taarabu anayeanza ubeti kwa kunong'ona na kuumaliza kwa kupaaza, huku kichwa kikienda na mashairi, hawezi kwa urahisi, kwa sababu kila anapojisogeza kidogo kiwango hubadilika kwa kishindo. Mpiga udi hawezi kabisa, kwa kuwa chombo chake kinatoa sauti kutoka sehemu nyingi, na maiki iliyobanwa kwenye tundu la mbele husikia mvumo mzito usiofanana na kile msikilizaji anachokijua. Kama chumba chako kina kelele zisizo na swichi na kazi yako inahitaji umbali, tatizo hilo haliuzwi dukani. Badilisha saa, au badilisha chumba.

Hatua ya tatu: chagua aina

Maiki za dainamiki zina kiwambo kilichounganishwa na koili ya waya inayocheza ndani ya sumaku. Ni vitu vigumu, visivyohitaji umeme wa nje, vinavyovumilia mate, unyevu na kuanguka. Mbili zinazojulikana kuliko zote zilitoka katika kampuni ya Shure ya Marekani, yaani SM57 ya mwaka 1965 na SM58 ya mwaka 1966, na zote mbili bado zinatengenezwa. Herufi SM ni kifupi cha maneno yanayomaanisha maikrofoni ya studio, jambo linalochekesha kidogo ukizingatia kwamba SM58 imejipatia jina lake jukwaani, na leo watu huidharau studioni kwa sababu hiyohiyo.

Maiki za kondensa zina kiwambo chembamba sana, chepesi kuliko koili yoyote, kilichopakwa chuma na kuwekwa mkabala wa bamba lenye chaji ya umeme. Kwa wepesi huo hufuata hata vimitikisiko vidogo vya sauti za juu, kama pumzi, ncha ya ulimi na ukucha kwenye uzi. Wazo hili ni la zamani: mhandisi E. C. Wente alilitengeneza nchini Marekani mwaka 1916, na kuanzia mwaka 1925 makampuni ya santuri yalianza kuacha pembe ambayo waimbaji walikuwa wakiimbia ndani yake na kuingia katika kurekodi kwa umeme, hivyo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, enzi ya pembe ilikuwa imekwisha kupita. Kondensa nyingi huhitaji umeme wa volti 48 unaopitia katika waya uleule wa sauti. Kwa nini 48 na si namba nyingine? Kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilipoiandalia redio ya taifa ya Norway maiki mpya mwaka 1966, redio hiyo tayari ilikuwa na mfumo wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, nao ndio uliotumika, kisha dunia nzima ikafuata.

Kuna aina ya tatu, ya utepe, ambayo naiacha kando. Husikia mbele na nyuma kwa usawa, hudai geini kubwa, na utepe wake hukatika kwa pumzi kali. Si maiki ya kwanza ya mtu yeyote.

Sasa niseme neno juu ya imani iliyoenea kwamba dainamiki "haichukui kelele". Weka dainamiki na kondensa kwenye umbali uleule, zenye umbo lilelile la usikivu, uzisawazishe kiwango, na utashangaa jinsi pikipiki inavyokaribiana katika rekodi zote mbili. Kinachoifanya dainamiki isikike kavu ni kwamba mtu huisogelea, kwa sababu imeundwa isogelewe, na ukali wa sauti za juu haumo ndani yake kiasi hicho, kwa hiyo nyufa za dirisha na mlio wa bati hazijitokezi. Kondensa humlazimisha msomaji arudi nyuma ili pumzi zake zisivume, na kila anaporudi nyuma chumba kinaingia. Tofauti hiyo hasa ni ya umbali, na ndiyo maana hatua ya pili imetangulia hii.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Ukiishi kando ya barabara, au chumba chako bado kinalia baada ya kofi, nunua dainamiki na ujizoeze kuikaribia. Ukiwa na chumba kitulivu kilichojaa nguo na magodoro, na sauti yako ni laini au unarekodi pia ala za nyuzi, kondensa itakupa kitu ambacho dainamiki haina. Sioni aibu katika uchaguzi wa kwanza. Mimi mwenyewe niko huko hadi leo.

Hatua ya nne: tazama umbo la usikivu

Maiki nyingi za nyumbani husikia kwa umbo linalofanana na moyo, ambalo mafundi huliita kadioidi: mbele zaidi, pembeni kiasi, na nyuma kidogo mno. Faida yake ni ya vitendo, kwani mgongo wa maiki unaweza kuelekezwa kwenye feni au dirisha lisilozibika. Kuna jamaa yake wa karibu, superkadioidi, kama ilivyo Beta 58A ya Shure, ambayo ni nyembamba zaidi mbele lakini bado husikia kiasi moja kwa moja nyuma. Uziwi wake uko pembeni mwa mgongo, karibu nyuzi 126 kutoka mbele. Anayeelekeza mgongo wa superkadioidi kwenye feni amejipunja bila kujua.

Kumbuka pia kwamba maiki zote za namna hii huongeza besi kadiri mdomo unavyokaribia. Kwa sauti nyembamba hiyo ni neema. Kwa mwanamume mwenye sauti nzito huwa matope, na atahitaji ama kurudi nyuma kidogo au maiki yenye swichi ya kukata besi.

Hatua ya tano: hesabu kila kitu kilicho kati ya maiki na kompyuta

Hapa ndipo bajeti huvunjika. Maiki ya USB huchomekwa moja kwa moja, na ndani yake mna tayari kikuza sauti na kigeuzi cha kuifanya sauti iwe data ya kompyuta. Ukiwa peke yako na hutaki kuongeza kitu baadaye, hakuna ubaya. Maiki ya waya wa XLR, ule wenye kichomeko cha pini tatu, huhitaji kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku chenye kikuza sauti na kigeuzi hicho, lakini kadi ikiharibika maiki hubaki, na maiki ikibadilishwa kadi hubaki. Zipo chache zenye njia zote mbili, kama Samson Q2U, ambayo ni dainamiki, na kwa anayeanza bila kujua atafika wapi mpango huo una busara.

Geini ndiyo inayosahaulika. AT2020 ya Audio-Technica, kondensa ya bei ya kawaida, hutoa milivolti 14.1 kwa shinikizo la sauti ambalo SM58 hulitolea milivolti 1.85 tu. Hiyo ni tofauti ya mara saba na nusu. SM7B, dainamiki inayoonekana mbele ya watangazaji wengi wa mtandaoni, hutoa pungufu zaidi, yaani milivolti 1.12, na mtengenezaji wake mwenyewe anashauri kikuza sauti chenye geini ya desibeli 60 au zaidi. Sasa kadi nyingi ndogo za nyumbani huishia kati ya 50 na 60, na zikifika mwisho huanza kunong'ona kama mvua ya mbali. Kwa hiyo mtu aliyeinunua SM7B kwa sababu ya sura yake hujikuta akinunua kadi nyingine, au kikuzaji cha kati, kabla hajarekodi aya moja. Soma geini ya juu ya kadi yako kwanza, ndipo uchague dainamiki.

Ongeza katika hesabu hiyo stendi nzito isiyoyumba, waya mmoja mzuri, hedifoni za kufunika masikio na kichujio cha pumzi. Kichujio unaweza kukitengeneza kwa soksi ndefu ya nailoni iliyotandazwa kwenye pete ya waya, na nitakwambia bila kuona haya kwamba sijawahi kusikia tofauti ya maana kati ya hicho na cha dukani. Stendi usiibahatishe, maiki inayoinama polepole katikati ya sura ya tatu imewahi kunigharimu jioni nzima.

Ukisikia mvumo mzito usiokatika wakati wa kujaribu, usiilaumu maiki haraka. Umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, na nyumba zisizo na erthi nzuri huupenyeza mlio huo kupitia chaja ya kompyuta. Chomoa chaja, ufanye kazi kwa betri, na mara nyingi mvumo huondoka papo hapo.

Hatua ya sita: soma mchoro na namba moja, uache nyingine

Karatasi inayokuja na maiki hujaa tarakimu. Ile ya "20 hadi 20,000" hezi (mitetemo kwa sekunde) haikwambii kitu, kwa sababu haisemi ni wapi katikati ya hapo sauti inapanda au kushuka, tafuta mchoro. Katika mchoro wa SM58, kwa mfano, utaona besi ikishuka ili kufidia ukaribu wa mdomo, na sehemu ya matamshi ikiinuliwa kidogo ili maneno yapenye. Mtu mwenye "s" kali asitafute maiki nyingine inayoinua palepale anapojeruhi.

Namba ya kusoma ni kelele ya maiki yenyewe. NT1-A ya Røde imetangazwa kwa desibeli 5, na AT2020 kwa desibeli 20. Tofauti ni kubwa kwenye karatasi, lakini chumba cha kulala cha mjini, hata usiku, mara nyingi huwa na desibeli 30 au zaidi, hivyo chumba kitaifunika kelele ya maiki zote mbili. Usilipie ukimya ambao nyumba yako haitakuruhusu kuusikia.

Hatua ya saba: nenda dukani ukiwa na mizani

Nasema mizani ya kweli, ile ya jikoni. Maiki za bandia za SM58 na SM57 zimesambaa duniani kote, na kwa kuwa zinaiga rangi, maandishi na hata sanduku, macho hayatoshi. SM58 halisi ina uzito wa gramu 298 na SM57 gramu 284. Bandia nyingi hupungukiwa. Niliwahi kuuziwa moja ambayo sikuitilia shaka kwa miezi 8, hadi nilipoiweka mezani karibu na ya rafiki yangu na kuziinua zote mbili kwa wakati mmoja. Bei nayo husema: maiki ambayo Marekani huuzwa kwa takriban dola 100 haiwezi kusafirishwa, ikalipiwa ushuru, kisha ikauzwa Kariakoo ya Dar es Salaam au barabara ya Luthuli ya Nairobi kwa robo ya fedha hizo na muuzaji akabaki na faida.

Nenda na kompyuta yako, kadi yako na hedifoni zako. Muuzaji anayekataa maiki ijaribiwe kwa dakika 5 amekwisha kukupa jibu unalolihitaji. Ukiruhusiwa, itikise taratibu karibu na sikio usikie kama kuna kitu kilicholegea, zungusha waya pale unapochomekwa kwenye maiki usikie kama unakwaruza, kisha rekodi sentensi chache. Duka lina kelele zake, kwa hiyo usihukumu utamu hapo. Unachotafuta ni uzima tu.

Hatua ya nane: jaribu bila kujua unasikiliza ipi

Hapa ndipo maiki unayoipenda hupatikana, kama utaweza kuazima mbili au tatu kutoka kwa marafiki, kanisani, madrasa au studio ya jirani kwa jioni moja. Andaa maneno yatakayozitesa. Kiswahili kina mitego yake: "p" na "b" zinazorusha pumzi, "s", "sh" na "z" zinazokata, na katika matamshi ya Pwani mpumuo unaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini. Mimi hutumia sentensi hizi mbili, nikizisoma kwanza kwa sauti ya kawaida kisha kwa kunong'ona:

Paka mpole alipanda paa la pili, akapumzika pembeni mwa bomba bovu.

Siku sita zilizosalia, Saida alishona shuka saba na kuziuza sokoni Ijumaa.

Ongeza ubeti mmoja wa wimbo kama unaimba. Kila maiki iwe mahali palepale, umbali uleule uliopimwa kwa shubiri au vidole, bila kuguswa na programu yoyote ya kurembesha. Acha vilele vya sauti vifike karibu na desibeli 12 chini ya ukomo, ili pawe na nafasi ya kupaaza bila kupasuka.

Kisha zisawazishe rekodi zote kwa ukubwa wa sauti. Usiruke jambo hili. Sikio hupenda kilicho kikubwa, na tofauti ya desibeli 1 tu inatosha kumfanya mtu aape kwamba maiki fulani ina "uhai" zaidi, wakati alichokisikia ni ukubwa. Ukimaliza, mpe mtu mwingine abadilishe majina ya mafaili yawe A, B na C, aandike ufunguo katika karatasi na auweke mfukoni mwake. Sikiliza kesho yake asubuhi, masikio yakiwa yamepumzika, kwanza kwa hedifoni, kisha kwa simu ambayo ndiyo wasikilizaji wako wengi watakayoitumia, na mwisho kwa redio ya gari au spika ya sebuleni. Andika neno moja tu kwa kila rekodi kila unapoisikiliza: kali, nzito, karibu, mbali, imechoka. Maiki inayopata neno zuri katika vifaa vyote vitatu ndiyo yako, hata kama ufunguo ukifunuliwa itaonekana kuwa ndiyo iliyokuwa ya bei ndogo.

Katika jaribio langu la mwisho niliyoidhania kuwa kondensa iliyoazimwa kwa heshima zote ilikuwa SM57 yenye sponji ya shilingi chache kichwani. Sikufurahi siku hiyo. Ila imebaki mezani tangu wakati huo, kwa sababu sauti yangu ina "s" inayochoma na maiki ile huivumilia.

Ukiwa na maiki moja tu ya kujaribu, jaribio hili bado lina kazi: badala ya maiki tatu, linganisha umbali tatu na pembe tatu. Kuizungusha maiki kidogo ili pumzi ipite pembeni yake badala ya kuipiga usoni hubadilisha sauti kuliko wengi wanavyodhani, na ni bure.

Hatua ya tisa: ilinde na hewa ya bahari

Kwa wanaoishi Tanga, Unguja, Mombasa, Lamu au popote chumvi inapofika, uchaguzi haukamiliki bila kufikiria uhifadhi. Unyevu ukitua kwenye kiwambo cha kondensa, chaji huvuja, na maiki huanza kutoa milio ya kupasuka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Huwa mbaya zaidi inapotolewa katika chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa nje kwenye joto, kwa kuwa umande hujitengeneza juu ya chuma baridi. Iache ikae ndani ya mfuko wake hadi joto lilingane, ndipo uifungue. Dainamiki huvumilia zaidi, ingawa pini za XLR hushika kutu kwa zote.

Usiiache maiki kwenye stendi usiku kucha bila kifuniko. Zima volti 48 na usubiri kidogo kabla ya kuchomoa, futa wavu wa mbele kwa kitambaa kikavu, kisha uifungie katika kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko viwili au vitatu vya silika jeli kama vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Vifuko hivyo hushiba unyevu na kuacha kufanya kazi bila kuonyesha dalili yoyote, kwa hiyo mimi huandika tarehe ya kuvibadilisha juu ya mfuniko kwa kalamu nene.